Jina Nililoliandika Bila Kuliomba

Vijana wangu, kwanza mnisamehe mwandiko huu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na tangu wakati huo kalamu yangu hutembea kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. Mahali nitakapokosea herufi, msisimame kushangaa, piteni tu, mtaelewa mbele. Ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima, kwa hiyo nitajaribu kuandika yale ya maana.

Kazi yangu ilikuwa kulea watoto wa watu mpaka wapate watu wao. Hivyo ndivyo Mama Marigu alivyonieleza siku niliyoingia kazini, na mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, katika nyumba ya watoto ya misheni moja juu ya Manyatta, kwetu Embu. Nilipostaafu nilikuwa na wajukuu. Katikati ya hapo nilibeba mgongoni watoto wengi kuliko ambao ningeweza kuzaa hata kama ningekuwa sungura.

Baadhi yenu mnaanza kazi hii sasa, mkiwa na vyeti. Mkija kunitembelea mnaniuliza tulifanyaje bila kusomea. Tulikuwa na Mama Marigu.

Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sisi walezi. Alikuwa mjane wa Kiembu, mrefu, mwenye mikono mikubwa, na hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alijua watoto kama fundi wa cherehani anavyojua kitambaa, kwa kukishika tu. Siku ya kwanza kunituma kuangalia nyumba iliyoomba mtoto, aliniambia nisipoteze macho yangu kwenye kitanda wala kwenye chungu, kwa sababu watu wakisikia mgeni wa misheni anakuja, hufagia hata njia ya jirani. Akaniambia niangalie mbwa. Mwenye nyumba akisimama na mbwa akaingiza mkia katikati ya miguu, kunywa uji wao, shukuru, rudi nyumbani. Mbwa akija kukunusa, kisha akaenda kulala kwenye miguu ya yule mwanamume, kaa, mzungumze.

Nimeitumia mbinu hiyo maisha yangu yote. Miaka mingi baadaye nilifanya kazi na mabibi wa serikali waliokuja na fomu ndefu kama mkeka. Niliwasaidia kujaza fomu zao, lakini mbwa nilikuwa nimeshamwangalia.

Fomu nazo zilitupa shida tangu mwanzo. Mzungu aliyesimamia nyumba yetu, ambaye sote tulimwita Bibi, aliandika swali la kuuliza kila familia ina watoto wangapi. Nyinyi mnaweza kujibu swali hilo mkiwa mnatafuna. Kwa wazee wetu, mtu hahesabu watoto wake kwa sauti, anaona ni kama kuwaita maradhi waje kuchagua. Basi nilifika nyumba moja mlimani, nikauliza kama nilivyotumwa, na mama wa nyumba akanijibu kwamba hakuna hata mmoja. Nyuma yake kulikuwa na vichwa vimejaa mlangoni. Mimi nilikuwa mwoga wa kubishana na watu wazima, nikaandika: hakuna. Bibi akafurahi kupata familia isiyo na mtoto, akaenda mwenyewe kuwaona, akakuta watoto kama shule. Aliporudi aliniangalia tu. Mama Marigu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha: usiulize watoto, omba maji ya kunywa, na ukiwa unakunywa hesabu bakuli za uji zilizoanikwa juani.

Jambo lingine ni namna ya kumkabidhi mtoto. Msimpitishe mtoto kutoka mkono huu kwenda mkono ule langoni kama kuku wa sokoni. Kwetu mama mpya alikuja mara tatu. Mara ya kwanza alifua nguo pamoja nasi, mtoto amwone tu, hakuna kumwita wala kumchekea sana. Mara ya pili alipika uji, akampa, akaenda zake. Mara ya tatu alimfunga mgongoni kwa shuka ya yule mlezi aliyemzoea, ile yenye harufu ya mlezi, wakaondoka nayo. Kwa sababu hiyo, miaka yangu ya kwanza nilikuwa msichana asiye na shuka. Mama yangu mzazi aliponiuliza shuka zinapotelea wapi, nilimwambia zimeolewa.

Na mtu akitafuta sura ya ukoo wake kwa mtoto, mwacheni atafute. Tulimpeleka mvulana mdogo kwa wazee wa Kimeru, juu ya Maua, watu wa mashamba ya miraa. Safari hiyo ilitaka pasi mbili za serikali za kuturuhusu kupita, na barua ya Bibi. Yule mzee alimgeuza mtoto huku na huku, akamkagua kama anayenunua mkungu wa ndizi, akasema, "Haya ni masikio ya babu yangu." Mimi kwa ujinga wangu nikaanza kueleza, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto ametoka chini huko Embu, kwenye ukame. Mama Marigu akanikanyaga mguu. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Wawira, mtu akimpata babu yake, wewe usimnyang'anye."

Sasa niwaambie kosa langu kubwa, ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Kulikuwa na msichana mmoja kwetu, wa miaka karibu mitatu, aliyeletwa na lori pamoja na watu wengine waliohamishwa. Waliokuwa naye walisema walimkuta peke yake kando ya njia. Hakuna aliyejua kwao. Mama Marigu alitangaza makanisani, akauliza sokoni, akapeleka habari Embu mjini. Miezi ikapita, hakuja mtu. Kwenye kadi yake paliandikwa tu "msichana", nasi tulimwita Kanini, yaani kadogo.

Kanini hakusema neno. Alikula alichopewa, alikaa alipowekwa, ukimvua sweta alikubali, ukimvalisha alikubali. Wageni wa misheni walimsifu sana, mtoto mtulivu kama huyu hawajaona. Mama Marigu hakumsifu. Nilipomuuliza sababu, alisema mtoto huyo bado ni mgeni, na mgeni hagombi.

Kisha wakaja Njeru na mkewe Igoki. Walikuwa wamekaa miaka minane bila mtoto. Njeru alikuwa mtu wa maneno machache, na Igoki alikuwa na mdomo wa kucheka hata akiwa na huzuni. Mbwa wao nilimwona: alikuwa mzee, mnene, na alilala juu ya mguu wa Njeru muda wote niliokaa. Tatizo lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye kigoda karibu na moto likisokota kamba ya kusukia kikapu cha kiondo juu ya paja. Huyo alikuwa mama yake Njeru, Cucu Ruguru. Cucu ni nyanya kwa lugha yetu, na Njeru alikuwa mwanawe wa pekee.

Mnajua desturi yetu ya majina, au nyanya zenu waliwaambia. Msichana wa kwanza wa nyumba hupewa jina la mama yake baba, na wa pili la mama yake mama. Si jina tu. Yule nyanya anakuwa amezaliwa tena, na baba humwita binti yake "mama". Kwa hiyo mtoto akiingia nyumba ya Njeru kama binti wa kwanza, jina lake lilikuwa linajulikana, nalo lilikuwa na mwenyewe, tena hai.

Cucu alikuwa amekataa, na hakukataa kwa ubaya. Alimwambia mwanawe kwamba mtoto akae, ale, alale, yeye hana neno. Lakini jina hapana. Leo watampa, kesho watokee watu wa mtoto wamchukue, na yeye Ruguru aende kulala katika nyumba asiyoijua, kwa watu asiowajua. "Jina langu si blanketi la misheni," alisema. Igoki ndiye aliyenisimulia hayo, akiiga sauti ya mkwewe vizuri sana.

Siku ya kumchukua Kanini, Njeru na Igoki walikuja na furaha, na hawakuwa wamekubaliana jina. Bibi alikuwa na haraka, gari lilikuwa linamngoja nje. Mimi ndiye niliyeandika kadi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa wa polepole lakini ulisomeka. Bibi akauliza jina la mtoto. Njeru akatazama kofia yake. Igoki akatazama sakafu. Bibi akauliza tena, na gari likapigwa honi.

Hapo, vijana wangu, mtu mwenye ujasiri angesema: hawa hawajaamua, ngoja kidogo. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nilikuwa na aibu ambayo nyinyi wa siku hizi hamuijui. Kumwambia Bibi angoje kulinishinda kuliko kubeba gunia. Kwa hiyo niliinamisha kichwa nikaandika lile jina ambalo kila mtu wa kwetu angeliandika: Ruguru wa Njeru. Bibi akatia sahihi. Njeru na Igoki hawakujua kusoma. Walikunja kadi, wakaitia ndani ya kopo, Igoki akamfunga Kanini mgongoni kwa shuka yangu, wakaenda.

Niliwaza kwamba haina neno, karatasi ni karatasi. Nilikuwa sijaelewa kijiji.

Nyinyi mmezaliwa watu wakiwa wametawanyika, kila mtu na shamba lake. Wakati ule serikali ilikuwa imetukusanya katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, nyumba zimebanana, na kutoka ni kwa pasi. Kijiji cha kina Njeru kilikuwa upande wa Kanja. Jina la kila mtu lilikuwa kwenye kitabu cha hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, na mara kwa mara watu walisimamishwa uwanjani, karani akaita majina. Asiyekuwa kitabuni hakuruhusiwa kulala hapo. Mtoto wa misheni aliruhusiwa kukaa kwa kadi mpaka siku ya kuitwa majina, ndipo aingizwe.

Mama Marigu alikuwa na kanuni kwamba mtoto atembelewe wiki ya tatu. Mapema kuliko hapo utamrudisha nyuma, na ukichelewa utakuta mambo yameharibika. Nilipofika wiki ya tatu nilimkuta Igoki amekaa nje, na safari hii hakucheka.

Alinieleza. Siku mbili zilizopita karani alikuwa amesoma kadi mbele ya kijiji kizima. Aliita, "Ruguru, nyumba ya Njeru." Cucu, ambaye magoti yake yanauma, alijiinua polepole akaitika. Karani akamwambia akae, haitwi yeye, anaitwa mtoto. Watu wakacheka. Mnajua watu waliochimba handaki tangu asubuhi wakipata kitu cha kucheka. Cucu alisema mbele yao kwamba hajampa mtu yeyote jina lake, akarudi nyumbani, na tangu hapo alikuwa hasemi na mwanawe wala hali chakula cha Igoki. Aliamini kwamba walimwibia jina nyuma ya mgongo wake. Nao walikuwa wanaapa kwamba hawajui lilivyoingia kwenye kadi, na nani angewaamini.

Hedimani naye alikuwa amesema neno lake. Mzee mwenye jina amelikana, kwa hiyo kadi ni ya uongo. Ijumaa wangeitwa tena. Kama Cucu angekana tena, mtoto angerudishwa misheni kwa lori la Jumamosi. Nilijua kwamba akirudi hatakaa kwetu. Bibi alikuwa ameshapanga kwamba watoto watakaorudishwa wapelekwe nyumba kubwa ya watoto Nairobi, na huko nani angemtafuta.

Nikamwambia Igoki, "Ni mimi."

Aliinuka. Kisha akanionyesha mlango wa nyumba ya mkwewe kwa kidevu.

Cucu alikuwa kwenye kigoda chake na kamba yake. Sikupewa mahali pa kukaa. Nilisema maneno yangu nikiwa nimesimama, nikitazama vidole vya miguu yangu, kwamba jina niliandika mimi, Njeru na Igoki hawakujua, wasilaumiwe.

"Sikusikii," alisema Cucu.

Nikarudia.

"Msichana wa misheni, ulipoandika uliandika kwa kunong'ona?"

Nikarudia mara ya tatu, kwa sauti, na machozi yakaanza kunitoka. Cucu akaendelea kusokota. Kisha akaniuliza kama kwetu nyumbani watu huingia shamba la mtu wakachimba viazi bila kumwita mwenyewe. Nikasema hapana. Akaniuliza kama jina ni dogo kuliko viazi. Nikasema hapana. Akasema basi nimejijibu.

Wakati huo Kanini alikuwa nyuma yake, na nilipomwona nilishtuka. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi. Sweta ya misheni alikuwa ameivua akalivalisha jiwe la kusagia. Alikuwa anatambaa kwa tumbo kuelekea kibuyu kidogo cha ugoro wa Cucu, na bila kugeuka Cucu aliweka mkono juu ya kibuyu.

"Mara ya nne leo," alisema. "Juzi alikificha ndani ya majivu. Jana alimpiga kuku wangu kwa mwiko, na nilipomkemea alinipiga mimi pia."

Nilianza kuomba msamaha kwa niaba ya mtoto. Nikamwambia kwamba kwetu hakuwa hivyo, alikuwa mtulivu sana, hakutusumbua hata siku moja, na hajapata kusema neno.

"Mtulivu?" aliuliza Cucu. "Huyu?"

Akainua mkono kutoka kwenye kibuyu, nadhani ili anionyeshe. Kanini akakinyakua, akakikumbatia kwa mikono miwili, akatutazama sote wawili kwa hasira.

"Changu," alisema.

Miezi mitano nilikuwa nimemlisha mtoto huyo, nimemwosha na kumwimbia, na hilo lilikuwa neno la kwanza kulisikia kutoka mdomoni mwake. Alilisema kwa Kiembu safi, kama mtu mzima anayegombania mpaka. Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na ugoro ulipomwagika tulipiga chafya sisi sote, Cucu akiwa wa kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa neno la Mama Marigu kuhusu mgeni, na hili ndilo mlichukue hata mkiyasahau mengine. Familia zitawajia siku moja zikilalamika kwamba mtoto mliyewapa alikuwa malaika, sasa amekuwa mwizi, anauma, anakataa chakula, anajibu. Msiogope, wala msikimbilie kumhamisha. Waulizeni wiki ngapi zimepita. Mtoto akianza kugomba amefika kwao.

Lakini Cucu hakunipa jibu. Nilimwomba anisamehe, na akasema atajibu mahali alipochekwa, si jikoni. Nilirudi misheni na moyo mzito. Mama Marigu nilimwambia yote. Hakunikemea. Alisema tu kwamba Ijumaa atanisaidia kupata pasi, na kwamba safari hii nisipeleke kalamu, nipeleke mdomo.

Ijumaa watu walisimama uwanjani kwa mistari. Hedimani alikuwa na kiti, karani alikuwa na meza. Njeru alisimama na kofia mkononi, Igoki amembeba Kanini, na Cucu kando yao amejishika kwenye fimbo. Karani akaita, "Ruguru, nyumba ya Njeru." Hakuna aliyeitika. Hedimani akauliza nani aliyeliweka jina hilo kwenye kadi.

Nilitoka mbele. Sijui miguu ilitoka wapi. Nikasema ni mimi, Wawira, mlezi wa misheni, niliandika bila ruhusa ya mwenyewe, na wazazi hawana kosa. Watu wakaanza kucheka tena, na mtu mmoja nyuma akasema misheni sasa inazalisha nyanya. Nikangoja wamalize. Kisha nikamgeukia Cucu na kufanya lile nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Kwa desturi aombaye jina huja na kitu mkononi, lakini siku hizo pombe ya asali ilikatazwa na mbuzi walikuwa wachache. Nilikuwa na mihogo minne kutoka kwa mama yangu, nikaiweka karibu na miguu yake.

"Cucu," nilisema, "nilichukua jina lako bila kukuita. Sasa nakuita. Naomba jina lako kwa mtoto huyu."

"Sema wale wa nyuma wasikie," alisema. "Wao ndio waliocheka."

Nikasema tena, na nadhani walinisikia mpaka Manyatta. Hedimani akamwambia Cucu aseme mbele ya watu kama anakubali ama anakana, lori ni kesho. Igoki alimshika mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akaanza kumsukuma.

Cucu alimtazama Kanini kwanza.

"Mtoto huyu ananyakua," alisema. "Anaficha vitu vya watu. Anapiga kuku. Hasemi asante. Mama yangu alikwenda kaburini akilalamika maneno hayo hayo juu yangu." Akamgeukia karani. "Andika. Na siku nyingine ukiita jina hilo, ngoja kidogo. Mmoja wetu ana magoti mabaya, na mwingine haitiki mpaka apende."

Hedimani, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliuliza kama watu wa mtoto wakija siku moja itakuwaje. Cucu alisema wataulizana na yeye, maana atakuwepo mara mbili. Karani akaandika Ruguru Mkubwa na Ruguru Mdogo. Njeru alimchukua mtoto kutoka kwa mkewe, akamwita "mama" mbele ya kijiji kizima, na mtoto akamvua kofia akaitupa.

Baada ya hapo Igoki alinilalamikia kwa miaka. Alisema nimemfunga mikono. Hakuweza kumgombeza mtoto kwa jina bila kumtukana mama mkwe, na Cucu alikuwa anaitika kutoka jikoni kila mara, makusudi. Akitaka kumkanya mtoto ilibidi aseme, "Mheshimiwa, toka kwenye unga."

Vijiji vilipovunjwa na watu wakarudi mashambani, wale waliokuwa kizuizini walianza kurejea. Siku moja alikuja misheni mwanamume mwembamba, akiuliza habari za mtoto wa dada yake. Alitaja lori, akataja alama ya kuchomwa na moto kwenye kisigino cha kushoto. Alama hiyo nilikuwa nimeiosha mara nyingi. Nilimpeleka mwenyewe.

Tulipofika, Njeru aliposikia mtu huyu ni nani, alisimama na hakuweza kukaa tena. Ruguru Mdogo alikuwa msichana mkubwa sasa, anachunga mbuzi. Cucu, ambaye macho yalikuwa yamefifia, aliamuru mgeni apewe chakula kwanza. Alipomaliza kula, Cucu alimuuliza mgeni huyo ni jina gani mtoto alipewa na mama yake.

"Aliitwa Wambeti," alisema yule mjomba. "Ni jina la mama yangu."

Kila mtu pale alielewa. Kwa mtu huyu pia, mtoto yule alikuwa mama. Igoki alifunika uso kwa leso.

"Mama yako yuko hai?" aliuliza Cucu.

"Hapana."

"Alikuwa mnene?"

Yule mwanamume alishangaa, akasema hapana, alikuwa mwembamba kama yeye.

"Basi tutatoshana humo ndani," alisema Cucu. "Mwambie asogee kidogo tu."

Mjomba aliinamisha kichwa, na mabega yake yakatikisika, na sikujua kama analia mpaka niliposikia kicheko. Alisema hana nyumba ya kumpeleka mtoto, na hata angekuwa nayo asingewatenganisha akina mama hao wawili. Alilala kwao siku tatu. Tangu hapo alikuja kila mavuno, na siku ya arusi ya Ruguru Mdogo alipokea mbuzi wa mjomba kama desturi inavyotaka, mbele ya Njeru. Cucu hakuwepo siku hiyo, alikuwa ametangulia. Lakini mhubiri alipoita "Ruguru Wambeti", bibi arusi alikaa kimya kidogo kabla ya kuitika, na sisi tuliokuwepo uwanjani siku ile tulitazamana.

Mkono wangu umechoka, naishia hapa. Nawaomba mniandikie, hasa nyinyi mliolelewa na watu wasiowazaa, na nyinyi mnaolea. Niambieni mlipewa jina la nani, na nani alikwenda kuliomba. Kama hakuna aliyeliomba na mwenyewe yuko hai, nendeni kwake kwanza, kisha mniandikie alichosema.